Watu wa Laini

Mimi ni mtoto wa laini. Si laini ya simu, wala ile ya kusimama kwa daktari mpaka miguu ife ganzi. Nasema laini ya kambini, Kasese: nyumba za askari zilizoshikana mlango kwa mlango. Neno ni la Kiingereza. Nimesoma kwamba huko kwao lilianza na uzi wa kitani, likawa mstari, halafu kila kilichopangwa kwa mstari. Laini ya kitambaa kizuri ni neno jingine kabisa, hilo tulipewa na Waarabu. Wazungu wa jeshi walijenga laini wakaenda zao, sisi tukazaliwa humo.

Mama alikuwa na maana yake mwenyewe. Mchoyo akimwudhi, alisema, "Huyu si mtu wa laini." Kwetu sigiri, jiko la makaa, ilikaa nje, mbele ya mlango. Ukipita harufu ikakushika, unakaa, unakula. Aliyepikia ndani alisemwa mpaka basi.

Baba alipostaafu tukahamia Nyakiyumbu, kwenye shamba lake la kahawa. Mama alilia. Hakulilia nyumba, alililia majirani. "Hapa nitaongea na nani? Na migomba?" Baba, afande mpaka leo, akamjibu, "Nyamaza, pika!" Lo, nilitamani kumrushia mwiko!

Basi Mama akaweka sigiri mbele ya nyumba, kando ya barabara, kama alivyozoea, akapika sombe, majani ya muhogo. Watu wa huku hupikia nyuma. Wakadhani amefungua hoteli! Mwenye boda mmoja akasimama. "Mama, sahani ya sombe iko bei gani?"

"Nani amekwambia nauza? Kaa chini, kula!"

Maskini, alikula huku anaangalia njia ya kukimbilia. Habari zikaenea kwamba mke wa mwanajeshi kichwa kimemruka, anagombana na wateja na hataki pesa. Wanawake waliotoka shambani wakaanza kupita wamtazame, wakicheka chinichini. Mama akawapakulia. Kesho yake hawakurudi, na mimi nikarudi kazini Kasese na moyo mzito.

Msimu wa mvua Baba akapiga simu: Mama ana malaria. Nilifika mbio, najua nitamkuta peke yake anatazama ukuta. Mlangoni nikakuta majembe yameegemezwa na kandambili zenye matope. Ndani wale wanawake wa shambani walikuwa wamejaa mpaka kitandani, mmoja anamlisha uji, na Mama anasimulia habari za Baba, zile ambazo hata mimi sijawahi kuambiwa.

Nikamsalimu. Nikamsalimu tena. Hakunisikia, maneno yalikuwa yamemnogea.