Mabakuli Kumi na Mawili ya Bibi Dobi

"Bibi, mbona una mabakuli mengi hivi, na unakaa peke yako?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka minane, nimekaa kwenye ngazi ya mlango wake wa nyuma, mdomo umejaa gogwe. Alinisukumia kijiko.

"Kula, na usichuruzishie nguo. Doa la gogwe halitoki. Mimi nimefua mashuka ya wagonjwa miaka thelathini na moja, damu naijua. Hili ni baya kuliko damu."

Kwa kazi hiyo ya hospitalini mtaa mzima ulimwita Bibi Dobi. Mumewe alifariki kabla sijazaliwa. Mwanawe wa pekee anaendesha malori ya safari ndefu, na alikuwa akipiga simu Jumapili, kama mtandao umekubali. Bibi alibaki na nyumba ya vyumba viwili na migogwe minne kando ya ukuta wa nyuma. Kama hujawahi kuuona mgogwe, una majani mapana kama sahani, ukiyagusa yananuka, na matunda mekundu mfano wa yai yananing'inia kwenye vikonyo virefu. Wengine huyaita nyanya za miti.

Alikuwa na masharti yake. Mche ulipomfikia kiunoni, aliukata kichwa kwa kucha. "Ukiuacha unakwenda juu tu kama mlingoti, matunda wanavuna ndege." Jembe halikuruhusiwa kusogea, kwa sababu mizizi iko juu juu; magugu tuling'oa kwa mkono. Na kila mti aliufunga kwenye chuma cha kitanda kibovu, maana tawi la mgogwe, alisema, halina mfupa. Upepo kidogo tu, limekwenda.

Yakiiva, msambazaji nilikuwa mimi. Mabakuli yalikuwa ya bati, meupe, kila moja lina namba nyekundu kwenye kitako, kama alivyozoea kutia namba mashuka ili yarudi wodi yake. Namba tatu kwa mwalimu mstaafu, tano kwetu, saba kwa fundi baiskeli. Siku zilizofuata geti lake halikutulia. Hodi! Hodi! Watu wanarudisha mabakuli. Na mtu aliyeleta bakuli haishii mlangoni: ataambiwa apite, atakalishwa, chai itamiminwa, habari za miguu na za watoto zitaulizwa. Siku hizo kicheko cha Bibi nilikisikia mpaka kwetu. Siku nyingine nilisikia redio yake tu.

Nilipofika miaka kumi na miwili, nikaharibu.

Nilimkuta fundi baiskeli anazamisha tyubu ndani ya namba saba, anatafuta pancha.

"Hilo si bakuli la Bibi?"

"Ndilo. Kwani nimelila?"

"Utalirudisha lini?"

"Wewe ni askari wa mabakuli? Nitalirudisha. Na nikienda naenda kukaa, siendi kutupa vyombo nikakimbia kama wewe."

Nilikasirika kwa niaba ya Bibi. Mama ana duka dogo. Nikamwomba furushi la mifuko ya karatasi, nikampelekea Bibi.

"Sasa vyombo vyako havitapotea, Bibi. Wala hutamngoja mtu."

Aliishika ile mifuko kwa muda. Akaunyoosha wa juu kwa kiganja, kama anaupiga pasi. "Ahsante, mjukuu wangu. Umenifikiria."

Msimu ule magogwe yalitoka kwa mifuko. Watu walinishukuru mlangoni kwao, ikaishia hapo. Nilipita Jumatano, nikapita Ijumaa: geti limefungwa, redio inaongea yenyewe. Nilipochungulia kabatini, mabakuli yalikuwa yamelala moja ndani ya jingine, yanang'aa, nami nikajisifu moyoni. Hata mimi nikapunguza kwenda, kwa sababu sikuwa na cha kurudisha. Mwaka uliofuata nikamletea furushi jingine. Na mwaka uliofuata tena.

Sasa niko kidato cha tatu. Mwezi uliopita upepo uliulaza mgogwe mmoja, na Bibi hakuuinua. Wiki iliyopita mama akasema, huku anachambua mchele:

"Bibi Dobi anauza nyumba. Anakwenda kupanga chumba karibu na kituo cha malori cha mwanawe."

"Mwanawe si yuko barabarani mwezi mzima?"

"Ndiyo hivyo. Anasema hata hapa hana mtu."

Hana mtu? Mtaa mzima tunakula magogwe yake! Nilibaki na swali hilo mpaka jioni, nilipokuwa natafuta mfuniko wa sufuria. Nyuma kabisa ya kabati letu, chini ya chujio bovu, nikakuta bakuli la bati. Namba tano. Lilikaa kwetu miaka yote hiyo, wala hakuna aliyekumbuka.

Nililiosha, nikaenda. "Hodi!"

Mlango ulifunguka kabla sijarudia. Sebuleni kulikuwa na maboksi matatu. Bibi aliliona bakuli, akalipokea kwa mikono miwili, akaligeuza kutazama namba. Kisha akaondoa boksi kwenye kiti, akawasha jiko, akateleka maji. Hakuniuliza kama nakunywa chai.

Tulikaa. Nikamuuliza tena, safari hii polepole: mabakuli yote yale yalikuwa ya nini?

"Ya kubishiwa hodi," alisema. "Bakuli moja, mtu mmoja. Ulipoleta ile mifuko nikasema, haya, mtoto amenionea huruma, nitamkatalia vipi? Lakini mfuko, mjukuu wangu, nani ataurudisha?"