Kuku Aliyetuletea Tantine

Nilikuwa na kuku saba. Sasa nina wawili, na ninaandika haya nikiwa bado na hasira, kwa hiyo sitajilazimisha kuwa mpole.

Nyumba yetu iko kwenye mteremko. Nyuma ya jikoni unashuka ngazi za udongo, na chini kabisa, karibu na migomba, kuna banda la mbao ambalo papa alilijenga wakati wa likizo kubwa. Kuku walikuwa wa maman, lakini maman anarudi kutoka ofisini jioni. Basi mwaka jana aliniambia, "Weye hauongeake sana, kuku batakupenda. Ukuwe unabaangalia." Alikuwa anatania. Mimi nilichukua kama kazi.

Mwanzoni sikujua kitu. Siku moja nilitoka shuleni nikamkuta yule mweusi amelala ubavu kwenye vumbi, bawa moja limetandazwa, miguu inapiga hewa, macho yamefungwa nusu. Nikajua anakufa. Nilipanda ngazi mbio kumtoa kaka yangu kwenye mpira. Tulipofika kuku alisimama, akajikung'uta, akaenda zake.

"Anaoga," kaka alisema. "Umenitosha kwa mupira juu ya kuku anaoga."

Wiki nzima aliniita docteur mbele ya rafiki zake. Sawa. Tangu hapo kila siku nilikaa juu ya bidoni tupu la maji nikawatazama tu. Nilijua wa kahawia mwenye kilemba kilichokatika ndiye anakula wa kwanza, na anayemtangulia anadonolewa kichwani. Nilijua mlio mrefu wanaoutoa mwewe akipita, wote wakakimbilia migombani. Asubuhi niliangalia mavi yao kabla ya kunywa chai, maana mavi husema mapema kuliko kuku mwenyewe. Na nilijua kwamba kuku mzima hasimami mchana amefumba macho.

Ilinichukua Jumamosi tatu kupata nguvu ya kumwuliza kitu muzee anayeuza chakula cha kuku sokoni. Aliniambia, "Kuku mugeni, umuweke peke yake siku kumi na ine, mbali. Hata akikula muzuri, usimuamini." Niliandika maneno hayo kwenye cahier yangu ya shule na kuyapigia mistari miwili. Akaniambia pia juu ya chanjo ya matone ya macho, lakini mwenye kuchanja alikuwa bado hajafika mtaa wetu.

Jumapili moja baada ya misa, tantine, dada mkubwa wa papa, alitufikia kutoka Nyantende na kuku ndani ya kikapu.

Kwetu kuku mkononi mwa mgeni ni heshima. Unampokea kwa mikono miwili. Humchunguzi miguu kama mtu anayenunua. Na unamwachilia katikati ya wenzake mgeni akiwa anaona, ili ajue kuku wake amefika nyumbani. Tantine hupenda kufungua mlango wa banda yeye mwenyewe.

Mimi nilimwona kuku huyo akiwa bado kikapuni. Amejikunja, manyoya yamevimba, kichwa kimezama mabegani, na nyuma amelowa kijani. Nikasema, "Maman, ile kuku tuiweke kwanza mu depot, kwa simenti ya papa." Nilisema polepole. Polepole sana. Maman alisikia, na akanitupia lile jicho.

"Anasema nini?" tantine akauliza.

"Anasema aksanti," maman akajibu.

Na mimi nikasema aksanti. Hicho ndicho kinanichoma mpaka leo.

"Uyu mutoto iko na sauti ya panya," tantine alisema. "Siku ya ndoa, padri atasikia nini?" Wakacheka wote. Akafungua banda. Wa kahawia alimdonoa kuku mgeni mara moja kumwonyesha nani mkubwa, kisha wakanywa maji kwenye sahani moja.

Jioni nilitaka kumtoa. "Umuache," maman alisema. "Tantine analala hapa siku mbili. Akiona kuku yake imefungwa peke yake, atasema tunamuzarau." Papa, bila kuinua macho kwenye simu, akaongeza kwamba siku mbili haziui kuku.

Tantine alirudi Nyantende na sukari na sabuni, amefurahi. Kuku wake alikufa siku iliyofuata. Wiki haijaisha, mweusi akasimama kwenye kona, macho yamefungwa, saa sita mchana. Maman akasema, "Tumuchinje kabla hajakufa." Wakamla. Mimi sikula, nilikuwa nasugua banda na maji ya javel ya kuua vijidudu, nikilia kwa hasira, nikiona damu na manyoya yake vimetupwa palepale wenzake wanapochakura. Nilizika wengine watatu. Mmoja wao, wa kahawia, shingo ilijipinda mpaka akawa anatazama juu kama anayetafuta kitu kwenye paa. Watatu waliokuwa bado wanasimama nikawahamishia depot, katikati ya mifuko ya simenti ya papa. Mmoja akafa humo. Papa alilalamika juu ya harufu.

Kisha tantine akapiga simu. Nilikuwa karibu, nilisikia kila kitu. "Kuku benu balikuwa bagonjwa, mukaniulia yangu," alisema. Na maman, aliyeona yote kwa macho yake, akajibu, "Utusamehe, tantine."

Sikulala vizuri siku hizo. Sikuwa namwaza tantine. Nilikuwa nawaza wale wawili.

Jumapili iliyopita alirudi, safari hii na jogoo, kutufariji. Nilimpokea jogoo kwa mikono miwili. Nilisema aksanti kabla ya mtu kunisemea. Halafu nikaupita mlango wa depot walimo wale wawili, nikaenda naye upande wa pili wa nyumba, wa barabara, nikamtia kwenye kasha la mbao nililokuwa nimelitayarisha.

"Unafunga jogoo yangu kama mwizi?" tantine aliuliza.

"Siku kumi na ine, tantine." Nilifunga kasha kwa kamba. "Hata kama ametoka kwa askofu."

Kaka alicheka peke yake, akaacha. Maman alisema nimtoe. Nikasema hapana. Sijawahi kumwambia maman hapana mbele ya watu. Tantine aliweka kikombe chini, chai ikiwa nusu, akachukua kikapu chake.

Leo ni siku ya nne. Maman anaongea na mimi juu ya chumvi na maji tu. Papa aliniambia nipige simu Nyantende niombe msamaha. Nilimjibu nitapiga siku ya kumi na tano, kumwambia jogoo wake anaendeleaje.