Neno Nililosema juu ya Mganga Wetu

Mganga wa zahanati ya kijiji chetu, mwendo wa saa mbili kutoka Mahurunga, aliugua manjano mwezi mzima. Mimi nilikuwa nikifundisha madrasa, nami ndiye niliyeongoza dua apone. Alipoanza kukaa barazani nilimwendea peke yangu kumsihi arudi kazini. Akaniambia mkojo wake bado mweusi. Nikamwambia Mungu atamsaidia, watu wanangoja. Akarudi.

Wiki ile ile mke wangu alikatwa mguu na jembe katika shamba la kijiji. Nilimshikilia mguu, mganga akamshona. Glavu, kwa kuchemshwa kila siku, zilikuwa zimepasuka, akashona mikono mitupu. Sindano ikamtoboa kidole gumba, damu yake ikadondokea ndani ya kidonda. Akaipangusa kwa pamba, akaendelea. Jioni nilimpelekea kuku wa shukrani.

Miezi mitatu baadaye macho ya mke wangu yalikuwa ya manjano. Kabla mwezi haujaisha tulimzika.

Watu waliniusia subira. Nilisubiri kweli, mpaka nilipopata ofisa wa afya kutoka mjini aje tukae na mganga mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Ofisa alisema hakuna waraka unaomkataza mganga mgonjwa kushona watu. Ila kama aliuficha ugonjwa wake na kujirudisha kazini, hilo ni kosa, ataondolewa.

Mganga akanigeukia. "Maalim, waambie. Si wewe uliyekuja kunitoa barazani?"

Mwenyekiti akaniuliza, "Ndugu Maalim, alikwambia kuwa bado anaumwa?"

"Hakuniambia," nikasema.

Hakuna aliyenitaka niape. Kwa mtu kama mimi hawakuona haja.

Aliondoka na lori la korosho, yeye, mkewe na godoro lao. Nilisimama kando ya njia makusudi anione, akainamisha kichwa. Masika yote zahanati ilifungwa, na akina mama waliwabeba watoto wenye homa mpaka Mahurunga kwenye matope. Niliwaona wakipita.

Mungu amenipa umri na wajukuu, namshukuru. Kila Ramadhani najiambia mwaka huu nitaliombea msamaha neno lile. Ramadhani hupita, na bado nafurahi kwamba aliondoka.