Saruji ya Kibosho na Zamu ya Mama Felista

Wazungu hupanda Mlima Kilimanjaro kwa hiari yao. Sisi tulipandishwa na mifuko ya saruji. Mwenye godauni letu la mtaa wa Pasua, ambaye tunamwita Mangi kama anavyoitwa kila mwenye duka Moshi, alikuwa amemuuzia saruji mtu anayejenga Kibosho, huko mlimani, na mzigo hauna miguu. Mimi na Samsoni, makuli wake wa siku nyingi, tukaambiwa tuupeleke.

Pasua, siku ya kuondoka. Tulitakiwa kutoka kabla jua halijakolea, lakini lori lilikuwa na pancha na fundi wa pancha alikuwa msibani. Tukaanza kupakia adhuhuri, katika ule msimu wa kabla ya masika ambapo joto la Moshi halina adabu. Godauni letu ni bati ukutani na bati juu. Mle ndani ukiacha unga na maji kwenye sufuria unaweza kurudi ukakuta ugali. Mangi alikuwa ofisini na feni yake, akituhimiza kupitia dirishani.

Maji ya kunywa hatukubeba. Wasomaji wa mbali wasishangae: kwetu hakuna anayebeba maji siku ya kupanda mlimani, maana mlimani ni kwenye baridi na maji yanapita kila shamba. Samsoni alibeba koti.

Njiani. Mbele kwa dereva wetu, Mzee Ndosi, palikuwa na nafasi ya watu wawili, lakini zilikuwa zimechukuliwa na vioo vya madirisha ya yule mteja. Vioo vilisafiri kivulini, sisi tukakaa juu ya mifuko. Tulipouacha mji na kuanza kuiona migomba na kahawa, upepo ukaanza kutugusa mashavu.

"Unaona?" Samsoni akaniambia. "Baridi hiyo. Leo tunakula raha."

Shati lake lililokuwa limelowa jasho tangu godauni lilikuwa limekauka kabisa. Nikadhani ni upepo.

Kibosho, alasiri. Nyumba ilikuwa ndani ya migomba, lori halifiki. Tukabeba mifuko mgongoni, tukipandisha kinjia kando ya mfongo, ule mfereji wa wazee unaoleta maji kutoka juu na kuyagawa kwa zamu, shamba hadi shamba. Baada ya mizunguko kadhaa Samsoni alisimama mbele ya mgomba, mfuko ukiwa mgongoni, akasema kwa heshima zote, "Shikamoo, mama."

Mgomba haukuitikia. Tulicheka sana, hata Mzee Ndosi, ambaye hacheki. Samsoni akairudia salamu, safari hii kama mtu aliyedharauliwa, halafu akaanguka na mfuko wake.

Nilipomgusa ngozi ilikuwa kavu na ya moto. Kicheko kilinikatika palepale. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, kwa sababu Samsoni ana mke na mtoto mchanga nyumbani kwake mtaa wa Njoro, na kwa sababu ni rafiki yangu. Tulikuwa tumebeba mizigo pamoja miaka mingi na sikuwahi kulifikiria neno hilo.

Tukamkokota kwenda kwenye mfongo. Mama mmoja akachomoza kwenye kahawa na jembe lake.

"Simameni hapohapo! Mtu haingizwi kwenye mfongo. Kule chini wanachota ya kunywa!"

"Shikamoo, mama," nikasema. "Mwenzetu anakufa."

"Marahaba," akaitikia kwanza, kisha akaweka kiganja shingoni mwa Samsoni. "Yesu na Maria! Mtu anaungua huyu. Mwingizeni. Mvueni shati. Kichwa kibaki juu!"

Huyo ndiye Mama Felista, na ile ilikuwa zamu yake ya maji, aliyoingojea wiki nzima. Aliziba mlango wa shamba lake kwa udongo na majani ya migomba ili maji yote yapite kwa Samsoni. Maji yale ni baridi mpaka yanauma. Akaingia mwenyewe na kitenge chake, akakaa ndani ya mfongo, akamlaza Samsoni kichwa mapajani, akawa anammwagia maji kwa sufuria.

"Maharage yangu, jamani," alikuwa akisema kila akimwaga. "Maharage yangu mie."

Zamu yake iliisha maharage hayajapata hata tone. Samsoni alifumbua macho, akauliza nani kamvua shati. Tukavitoa vioo kule mbele, tukamweka yeye, tukampeleka zahanati. Mganga alimtundikia dripu, akasema yale maji ndiyo yaliyomwokoa, na kwamba tungechelewa kidogo tusingekuwa na haja ya kumsumbua yeye.

Pasua, siku iliyofuata. Nilimweleza Mangi yote. Akauliza kama ule mfuko ulioanguka ulipasuka. Nikamwambia ulipasuka. Akasema basi Samsoni asirudi, kazi ya jua haimfai. Nilikuwa natafuta neno la kumjibu ambalo lisingenifukuzisha na mimi, ndipo simu yake ikalia.

Alikuwa mwenyekiti wa mfongo. Samsoni alikuwa ameingia majini akiwa amejaa saruji, na akina mama wa chini walichota maji ya kijivu. Sheria ya mfongo ni fupi: akiingia ng'ombe, anaitwa mwenye ng'ombe. Kamati yake ilikuwa imeuliza mwenye Samsoni ni nani, na Mama Felista, ambaye tulimsimulia kila kitu, akamtaja Mangi. Sasa Mangi ni mzaliwa wa kulekule, na migomba ya mama yake inakunywa mfongo huohuo. Anayekaidi kamati, maji yanamruka.

Mangi alisimama kuongea na simu. Sikuwahi kumwona akisimama kwa ajili ya simu.

"Shikamoo, mzee. Ndiyo, mzee. Nitamtuma kijana wangu aje... Hapana, mzee. Nakuja mwenyewe."

Kibosho, Jumamosi. Tukapanda tena, Mangi akiwa na mabuti mapya. Faini ilikuwa kuzoa tope la mfongo kwa jembe, kipande kirefu. Mimi nilipewa jembe kwa kuwa nilimkokota Samsoni kumwingiza. Samsoni naye aliitwa, lakini kamati ilimkataza kugusa kazi, kwa kuwa ng'ombe hatozwi faini.

Mangi alizoa kwa pupa, akitaka kuwahi dukani. Jua lilipofika utosini watu wote waliingia kivulini. Yeye akaendelea, uso umemwiva. Mama Felista akaenda akamshika jembe.

"Namalizia kidogo tu, mama."

"Utamalizia jioni, baba. Zamu yenyewe niliyonayo ni moja, siwezi kuimalizia kwa watu wa Pasua."

Mangi akakaa chini ya migomba bila kubisha. Samsoni akamletea maji kwenye jagi. Alikunywa yote.

"Samsoni," akasema. "Siku ile ulijisikiaje?"

"Sikujisikia, Mangi. Nilijiona niko sawa kabisa."

Mangi akaitazama mikono yake, kisha akaomba maji mengine.

Tulirudi mjini jioni, faini imekwisha. Jumatatu Samsoni alikuwepo godauni na hakuna aliyemuuliza kitu. Siku hizi tunapakia alfajiri na jua likipanda tunafunga. Mangi anasema ni kwa ajili ya saruji, eti joto linaiharibu. Hatujambishia.

Mimi nilichotoka nacho mlimani ni hiki: anayezidiwa na joto haombi maji, kwa sababu hajui kama amezidiwa. Lazima awepo mwingine wa kujua kwa niaba yake. Kwa hiyo kila Samsoni anapopishana na mimi na mfuko mgongoni namkazia macho usoni, naye ananikazia. Wateja wapya wanadhani tumegombana.