Majani ya Viazi vya Mama

Shina bichi la kiazi likivunjwa hutoa harufu kali, chungu kidogo, inayong'ang'ania vidoleni hata ukinawa kwa sabuni. Harufu hiyo siipendi, na sitaficha sababu: inanirudisha kwenye msimu nilipokuwa na miaka tisa, nyumbani kwetu nje kidogo ya mji wa Migori, mama yangu alipopanda viazi mviringo nyuma ya jiko. Mama alikuwa Mkuria wa milimani, huko kwenye baridi juu ya Isebania. Baba ni Mjaluo, na kwa watu wa kwetu kiazi ni kile kitamu cha kutambaa, tunachokiita rabuon. Mama aliporudi kutoka kwao na kikapu cha mbegu zilizokwisha kuchipua, Dani, yaani nyanya yangu mzaa baba, alizikodolea macho akauliza kama tumeletewa chakula kilichooza. Walizungumza Kiswahili, maana Dani hakujua Kikuria, na Kijaluo cha mama kilikuwa cha kuombea chumvi tu. Kwa Kiswahili hicho cha kuungaunga walitaniana kutwa nzima.

Ubishi wao mkubwa ulikuwa jinsi ya kujua kwamba kiazi kimekomaa. Dani alifuata njia ya wanawake wa kwetu: alipita kwenye matuta na kijiti chenye ncha, akitafuta penye ufa. Udongo ukipasuka, ujue kiazi kimejaa chini yake. Unakitoa hicho kimoja, unafukia, na mmea unaendelea kuzaa huku majani yakiwa kijani. Mama alimwambia viazi vyake havichokonolewi. Unangoja majani yawe manjano, yalale, yakauke mpaka jirani akuonee huruma, kisha unangoja tena wiki mbili ili ngozi ikaze. Dani akasema kungoja mmea ufe ndipo ule ni mambo ya watu wasiojua njaa. Mimi nilikuwa upande wa mama bila kufikiri mara mbili, na kila asubuhi kabla ya shule nilizunguka viazi vile nikitafuta jani la manjano.

Viazi vilipoanza kutoa maua, miguu ya mama ilivimba. Kwanza alivua viatu akavaa ndala, halafu hata ndala zikamkataa. Akawa anapumua kwa shida akipanda kale kamlima ka kutoka mtoni. Baba akaamua kumpeleka hospitali huko Homa Bay, kwa sababu shangazi yangu aliishi karibu na angeweza kumpelekea uji. Siku ya kuondoka nilimshika leso nikakataa kuachia. Mama hakunigombeza. Alinipeleka nyuma ya jiko, akashika bua moja la kiazi na kuniambia, "Majani haya yakikauka yote, nitakuwa nimerudi. Tutavichimba mimi na wewe." Maneno ya kumtuliza mtoto, basi. Lakini mtoto huyachukua maneno ya mama yake kama yalivyo, na mimi niliyachukua hivyo.

Wiki zikapita, majani hayakukauka. Mvua ilikuwa nzuri mwaka ule, Mungu anisamehe, niliichukia. Watu husema subira yavuta heri, ila hawakuniambia inavuta kwa muda gani. Sabato moja nilijisingizia tumbo linauma, Dani akaenda kanisani bila mimi. Nikaingia kwenye viazi nikaanza kuvunja mashina, moja baada ya jingine, karibu kabisa na udongo, nikiyasimamisha tena ili yaonekane mazima. Sikuwa nafanya utundu. Nilikuwa namrudisha mama. Kufikia Jumanne shamba zima lilikuwa limekauka, nami nikakaa kando ya barabara nimevaa gauni langu la kanisani, nikitazama kila gari linalotoka upande wa Rongo, njia ya Homa Bay.

Dani alipoona vile alilia. Alidhani ni ugonjwa, akachukua kijiti chake akavichimba vyote kabla havijaoza. Vingi vilikuwa kama gololi, na vile vikubwa havikupita yai la kuku wa kienyeji. Alisema joto la kwetu limevishinda, na kwamba mtu yeyote asimwambie mkwewe, angali kitandani hospitali. Lakini baba alikuwa anakwenda Homa Bay kesho yake, basi Dani akachagua vilivyo bora, akavichemsha, akavifunga kwenye kitambaa. Baba alirudi peke yake. Siku ya nane baada ya safari hiyo tukaletewa habari kwamba mama amefariki. Mimi niliamini nimemuua: nilisema uongo siku ya Sabato, nikavunja kitu alichoniachia kama ahadi. Sikumwambia mtu, si Dani hadi alipozikwa, si mume wangu.

Siku hizi Migori viazi vinashushwa sokoni kwa magunia, na kila kona ina kibanda cha chipsi. Wanangu hawajui kama kiazi kina majani. Mtu akitaka kujua vimekomaa lini anahesabu siku kwenye simu. Sawa tu, siwalaumu, wamepona mengi. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona baba, tukawa tunapukuchua mahindi uani, na sijui ni umri au ni uchovu, nikamweleza yote. Alimaliza kupukuchua hindi lililokuwa mkononi. Kisha akasema, "Mama yako alijua."

Nikamtazama. Akaniambia alipomfungulia kile kitambaa, mama aliona vilivyo vidogo, akauliza ni nani aliyeving'oa. Baba akajibu kwamba majani yamekauka.

"Akasema, 'Hayajakauka hayo. Mtoto wangu amechoka kuningoja. Nipeleke nyumbani.'" Baba aliacha gunzi lidondoke. "Nami nikamwambia angoje, wiki moja tu, daktari amwangalie kwanza."

Kisha akaanza kulia, mzee wa miaka sabini na kitu, na mimi nikaliokota lile gunzi, nikasogea karibu naye.