Ncha ya Namba Kumi na Nne

Bhoke hakuwa mkali wa mdomo, lakini kwa vifaa vyake vya kushonea alikuwa mkali kuliko askari wa mpakani. Ukikatia karatasi mkasi wake wa kitambaa, siku hiyo hamsemeshani. Tulishona chumba kimoja pale Matongo, mimi Rispa karibu na mlango, yeye dirishani. Mezani kwake kila kitu kilikuwa na mahali pake: futi kamba, chaki, kidude cha kufumulia nyuzi, na sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu ili aokotee pini. Mimi chaki yangu naitafuta hadi leo.

Mablanketi ya vichanga ndiyo yaliyompa jina. Aliunga vipande vya vitenge, akaweka pamba katikati, akapitisha mistari ya cherehani juu yake. Na hapo alikuwa na sheria moja: sindano ikivunjika, cherehani inasimama mpaka vipande vyote vipangwe mezani na kutimia.

Alhamisi moja sindano ilivunjika kwenye blanketi la mjukuu wa Mama Waitara, wa kule Kemambo. Mtu wa bodaboda aliyetumwa kulichukua alikuwa nje anapiga honi. Bhoke akaokota vipande haraka haraka, akavipanga, vikatimia. Akabadilisha sindano, akamaliza mstari, blanketi likaenda.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nakunywa chai nikamwona ameinamia meza, rangi imempotea. Ile ncha aliyoipanga ilikuwa nene kuliko mwili wa sindano yake. Ilikuwa ya namba kumi na nane, sindano ya jinzi niliyoivunja mimi Jumanne na kuiacha mezani kwake kwa uvivu wangu. Blanketi lilishonwa kwa namba kumi na nne. Ncha yake ilikuwa imebaki ndani ya pamba, na mtoto alikuwa na siku tisa.

Niseme ukweli, mimi nilimwambia anyamaze. Niliogopa, na si kwa ajili ya mtoto peke yake. Bhoke alishazika watoto wawili, na tangu kufa kwa yule wa pili, wanawake wakimwona anakuja walihamishia vichanga vyao bega la pili. Sasa sindano kwenye nguo ya mtoto, tena imetoka mkononi mwake, nani huku kwetu angeiita ajali, asiseme ni uchawi? Nikamshauri tuliombe blanketi kwa kisingizio cha kurekebisha pindo. Bhoke akainuka. Alichukua sumaku, akavaa viatu.

Tulipanda pikipiki moja wote wawili kwenda Kemambo. Nilimwomba Mungu tumkute mtoto amelala. Tulipokata kona ya kuingia mji wa Mama Waitara tukasikia kilio.

Nice, mama wa mtoto, alikuwa anazunguka naye uani, amemfunga kwenye blanketi mpaka shingoni. Alisema analia tangu alfajiri, labda ni tumbo. Mama Waitara alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua mboga. Tulimwamkia shikamoo. Aliitikia, kisha akaitazama mikono ya Bhoke.

Nikafungua mdomo nianze habari za pindo. Bhoke akanitangulia.

"Mama, nilivunja sindano na ncha imebaki humo. Mtoeni mtoto."

Nice alimfungua haraka. Mgongoni palikuwa na mkwaruzo mwekundu, mfupi kama punje ya mchele, wa juu juu tu. Bhoke akatandaza blanketi kwenye mkeka, akapitisha sumaku kipande kwa kipande. Kwenye kitenge cha njano kitambaa kikanyanyuka kidogo. Akafumua, akatoa ncha, akaiweka kiganjani kwa Mama Waitara.

Mama Waitara aliuliza kama kuna nyingine. Bhoke akasema hakuna. Yule mama akasema maneno hayamfuniki mtoto.

Basi Bhoke akapiga magoti, akalaza shavu lake juu ya blanketi. Alilikandamiza kwa nguvu, pembe hadi pembe, kisha akaligeuza akaanza upande wa pili. Nilikuwa nangoja kuona damu kila akisogea. Aliinuka na shavu jekundu, lakini halina hata mkwaruzo.

Mama Waitara aliinuka kwenye kigoda. Halafu akamchukua mtoto kwa Nice, akampa Bhoke.

"Mfunge wewe," akasema.

Bhoke alikuwa hajapewa kichanga kwa miaka minne. Alimfunga polepole, akamlaza kifuani, na kilio kikapungua mpaka kikaisha. Nice aliponyoosha mikono kumpokea, Bhoke alitikisa kichwa tu, machozi yanamtiririka. Aliogopa hata kupumua, mtoto asije akaamka.