Viatu vya Barafu Alivyoninunulia Mama

Siku ile haijanitoka akilini, mjukuu wangu, siku mama yangu aliponikalisha kwenye kiti cha jikoni, nyumbani kwetu Stechford, huku ughaibuni, akaniosha miguu kama mtoto mchanga huku amenikasirikia. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Nje kulikuwa na ile mvua ya hapa isiyonyesha wala kukoma, na maharagwe yaliyolowekwa yalikuwa yanangoja kupikwa. Nakusimulia leo kwa sababu Jumamosi nilikuona ukitoka kwenye uwanja wa barafu. Ulikuwa unatembea kama mtu anayekanyaga mbigili. Nikakuuliza kama vile viatu nilivyokununulia Krismasi vinakukaa vizuri, ukanijibu kwa Kiingereza chako kwamba viko sawa kabisa, ukatabasamu. Sikukuamini. Tabasamu lile nalijua, maana nimelivaa mimi mwenyewe.

Sisi tulitoka Voi. Kwetu barafu tuliijua kwenye glasi ya soda, na si kila soda. Mama alitangulia huku kwa kazi ya unesi, mimi nikamfuata baadaye, na baridi ya mwaka wa kwanza nusura inirudishe. Kilichonishika ni uwanja wa barafu. Shule ilitupeleka siku moja, nikakodi viatu vya pale uwanjani, vyenye ubapa wa chuma chini wa kutelezea, vile vilivyokwisha kuvaliwa na kila mtu, nikaanguka, nikainuka, nikaanguka tena, na nikarudi nyumbani nimelewa furaha. Kufikia majira ya baridi yaliyofuata nilikuwa nimeshika gongo la hoki, nagombania na wasichana wenzangu kile kidude cheusi cha mpira. Usicheke. Nyanya yako huyu unayemwona akipaka magoti dawa alikuwa na mbio.

Mama hakuuelewa mchezo wenyewe hata siku moja. Kwake ulikuwa ni watu kupigana fimbo juu ya maji yaliyoganda, na waumini wenzake walipomuuliza binti yake hufanya nini Jumamosi, alitikisa kichwa kwanza ndipo akajibu. Lakini aliona ninavyoupenda. Siku yangu ya kuzaliwa akaingia na boksi, bado amevaa sare ya kazini, na ndani ya boksi mlikuwa na viatu vya barafu, vipya, vyeusi, vinanukia ngozi. Hakuketi mpaka nilipovivaa.

Vilikuwa vikubwa. Si vikubwa kidogo, mwanangu. Vidole vyangu viliishia na kiatu kikaendelea na safari. Mama akabonyeza pale mbele kwa kidole gumba, akaridhika. "Utavikulia," akasema, kisha akaenda bafuni akarudi na pamba ya kujaza mbele. Usimlaumu. Kwetu ndivyo viatu vya shule vinavyonunuliwa hata leo. Mtoto anaanza mwaka na pamba, anaumaliza kidole kiko nje, na mzazi anayenunua kiatu cha kutosha leo tu anaonekana hana akili ya kesho.

Tatizo ni kwamba barafu haingoji ukue. Kiatu kikiwa kikubwa, kisigino kinapanda na kushuka, kifundo cha mguu kinalala upande, na ule ubapa wa chuma ulio chini unakwenda unakotaka wenyewe. Nilivaa soksi jozi tatu. Nikakaza kamba mpaka vidole vikafa ganzi, na bado nilikuwa naogelea mle ndani. Kocha wetu, mwanamke mmoja mwenye sauti ya kupasua kioo, akawa ananipigia kelele nisimame wima. Halafu akaacha kunipigia kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Majaribio ya kuchagua timu ya wasichana yalikuwa yanakaribia. Niliitaka timu ile kuliko kitu chochote, na mimi, niliyekuwa naenda vizuri na viatu vya kukodi, nilikuwa narudi nyuma kila wiki.

Utauliza kwa nini sikusema. Ningesemaje, mwanangu? Kwetu zawadi hupokelewa kwa mikono miwili na haigeuzwigeuzwi kutafutwa kasoro, tena zawadi ya mzazi aliyejinyima. Kila nikirudi kutoka mazoezini Mama aliniuliza, "Viatu vyangu vinasemaje?" Nami nikamjibu, "Vizuri sana, Mama. Asante." Basi akafurahi, mpaka akawa anawaonyesha wageni. Mimi nikafunga malengelenge yangu kwa plasta nilizochomoa kwenye mkoba wake wa kazi, nikanyamaza. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Nilinaswa Jumapili moja tulipokuwa tunatoka kanisani. Tulishuka kwenye treni, Mama akawa anatembea nyuma yangu, na nesi akitembea nyuma yako huna pa kujificha. Tulipofika jikoni, kabla hata hajavua kofia yake ya kanisani, akavuta kiti.

"Kaa. Vua soksi."

"Mama, si kitu."

"Mghoi, sijakuuliza."

Soksi moja ilikuwa imeshikana na ngozi. Mama aliilowesha kwa maji ya vuguvugu mpaka ikaachia yenyewe. Akapiga magoti sakafuni na gauni lake la Jumapili, akanisafisha, akanipangusa, akanifunga bandeji safi. Mikono yake ilikuwa ya upole, uso wake umefura. Alipomaliza ndipo akaanza.

"Kazini kutwa nauliza watu wanaumwa wapi. Watu siwajui, hawanijui, wengine hata rangi yangu hawaipendi, na wananiambia. Wewe niliyekubeba tumboni ndiye unanificha?"

"Nilikuwa nakuheshimu, Mama."

"Hiyo si heshima. Umeniacha nikifurahia kitu kinachokuchubua. Umenifanya nicheke peke yangu kama mwendawazimu. Viatu vikiwa vikubwa, sema ni vikubwa. Nitakasirika, nitapika, nitakula, hasira itaisha. Na mguu ukioza?"

Nikalia, wala si kwa maumivu. Yeye naye akalengwalengwa na machozi, akajifuta kwa ile taulo ya miguu, akakumbuka ni ya nini, akaitupa kule. Tulicheka kidogo. Kisha akasema neno ambalo sikulitarajia kwa mzazi wa kizazi chake: "Nimekosea saizi. Kukosea saizi si dhambi. Tutabadilisha."

Lakini si kila kitu kilibadilishika. Majaribio yalikuwa Jumamosi iliyofuata, na Mama akanikataza katakata kukanyaga barafu mpaka ngozi ifunge. Niliomba, nikasusa chakula, hakutetereka. Timu ikachaguliwa mimi niko nyumbani nimepandisha miguu juu ya mto. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi changu kilisikika mpaka kwa jirani. Hadi leo Jumamosi ile inaniuma.

Miguu ilipopona tukaenda mtaa wa Hockley. Kulikuwa na fundi aliyekuwa akiuza na kunoa viatu vya barafu kwenye karakana ndogo, jirani na mafundi wa dhahabu. Alikuwa Mhindi wa dini ya Kisikh, mzee mwenye kilemba, jina lake Bwana Harjit, mzaliwa wa Kisumu. Aliposikia tunanong'onezana Kiswahili akazima mashine.

"Mama, nyinyi watu wa wapi?"

"Voi."

"Voi jua kali," akasema, kama mtu anayetoa pole. Akachukua kimoja cha viatu vyangu, akakipindua, pamba ikaanguka mezani. Akaitazama, akamtazama Mama. "Hiki kilinunuliwa mtoto huyu ama dada yake mkubwa?"

Mama hakuwa mtu wa kuonewa. "Na wewe ulipokuwa shule huko Kisumu, viatu vilikutosha?"

Mzee akacheka mpaka akashika meza. "Vyangu vilikuwa vya kaka yangu," akasema, "na kabla yake vya binamu." Tangu hapo wakawa marafiki, na mimi nikawa kazi yao.

Alichomoa soli ya ndani, akanisimamisha juu yake aone mguu unaishia wapi na umepanuka kiasi gani. Akaniambia kiatu cha hoki ya barafuni huwa kidogo kuliko cha barabarani. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kidogo tu. Ukikunja magoti, virudi nyuma. Na kisigino kisicheze kabisa. Akanivisha jozi ya kwanza.

"Vipi?"

"Sawa," nikasema.

Mama, aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba mapajani, akakohoa. Hakuwa na kifua. Nikakunja magoti, nikasikiliza mguu wangu.

"Kisigino kinapanda," nikasema.

Akaleta nyingine. "Hiki kinanibana ubavuni." Nilisema kwa sauti ya chini, naona haya, kama mgeni anayerudisha sahani. Lakini mzee hakuchukia. Kila nilipotaja panapouma aliitikia kwa kichwa na kwenda moja kwa moja kwenye rafu nyingine, kana kwamba nimemwelekeza njia. Mwishowe akanipa jozi iliyokwisha kuvaliwa na mtu, imekwaruzwa mbele, haina uzuri wowote. Mguu ukaingia, ukatulia. Nilikunja magoti, nikaruka kidogo, nikakosa cha kulalamikia.

"Sasa chuma," akasema. Wewe hili unalijua kuliko nilivyolijua mimi: ule ubapa haukunyooka, umepinda kidogo kutoka mbele kwenda nyuma, kama mguu wa kiti cha kubembea. Ukipindwa sana unageuka upesi lakini unayumba. Ukinyooshwa zaidi unasimama imara na unakimbia, ila kwenye kona utatoka jasho. Mimi nikamwambia nataka mpindo kama wa nahodha wetu, msichana aliyekuwa akigeuka kama inzi.

"Nahodha akianguka, anaangukia wapi?"

"Haanguki."

"Na wewe?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Wote waliniambia nisianguke. Nikafikiri, nikasema, "Mbele. Karibu kila mara mbele."

"Basi mpindo wake utakuangusha mbele zaidi."

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," Mama akadakia pale pale, mbele ya mzee wa watu, nikatamani ardhi ipasuke. Bwana Harjit alicheka, akawasha mashine, akaninolea chuma kilichonyooka zaidi katikati, cha mtu anayeangukia mbele. Nilipokanyaga nacho barafu nilihisi kwa mara ya kwanza kwamba niko chini ya uamuzi wangu mwenyewe. Nikamwendea kocha, nikamweleza habari yote ya viatu na pamba. Akaniuliza kwa nini sikumwambia mapema, maana yeye alidhani nimechoka na mchezo. Msimu uliofuata akanichukua, nikacheza ulinzi miaka kadhaa. Sikuwa nyota. Mama alikuja mara chache, akajifunga blanketi, akawa anaomba kwa sauti kila nilipogongwa, mpaka wazazi wengine wakazoea kuitikia amina.

Karakana ile haipo tena. Juzi nilipita Hockley nikakuta pale wanauza kahawa. Mama naye tulishamzika, na jiko lile lina watu wengine. Natamani nirudi jioni moja tu na begi langu mgongoni, nimkute amesimama mlangoni ananiuliza viatu vyake vinasemaje. Ningemwambia kweli kabla hajamaliza kuuliza.

Sasa tuje kwako. Vile viatu vya Krismasi nilivinunua kwenye simu, kwa kutazama picha, mguu wako haupo. Na kidole changu hiki, baada ya yote niliyokusimulia, kikabonyeza saizi ya juu ili uje uvikulie. Mazoea yana taabu. Wewe ukaona nyanya amefurahi, ukaamua kunyamaza. Nakushukuru kwa moyo huo, lakini siutaki. Na nimekusikia ukimwambia mwenzako kwamba unataka chuma chako kinolewe kama cha yule mchezaji wa kwenye video. Yule ana miguu yake na maanguko yake, mwanangu.

Nasaha yangu ni hii. Usivumilie kinachokuumiza eti kwa sababu aliyekupa anakupenda. Anayekupenda ndiye wa kwanza kuambiwa, maana ndiye atakayerudi nawe dukani. Iwe kiatu, iwe kazi, iwe mchumba, ukiulizwa kinakukaaje, kaa kimya kidogo usikilize mwili wako, kisha sema panapobana na panapolegea, bila ukali na bila kuomba msamaha. Usikopi mpindo wa mtu mwingine kwa kuwa yeye anapendeza. Jua unaangukia wapi, na hilo ndilo umwambie fundi. Mficha uchi hazai, na mficha kidonda hachezi. Jumamosi tunakwenda wote kubadilisha. Mimi nitakaa pembeni na sitasema neno. Wewe ndiye utakayejibu, kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, kwa vyovyote, mradi iwe kweli.

Mungu akulinde kwenye barafu na nje ya barafu. Akupe vifundo imara, magoti yasiyokuja kuwa kama yangu, na ulimi usioogopa kunena panapouma. Akuzungushie watu unaoweza kuwaambia, na katika hao, mwanangu, anijalie mimi niwe wa kwanza, maadamu bado nipo.